ELIMU YA AFYA: Tulinde Ini Letu



Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Ini huondoa sumu katika damu, huweka akiba ya chakula na kusaidia kusaga mafuta. Likiharibika, macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na tumbo huweza kujaa maji.

Wako wanaosema kwamba unga wa chaza wa baharini huponya ini. Ukweli ni upi? Wataalamu wametoa katika nyama ya chaza vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi. Panya waliopewa peptidi hizo, maini yao hayakuharibiwa sana na pombe kama ya wenzao. Lakini panya si mtu. Haijathibitishwa kwamba peptidi hizo hutibu ini la binadamu. Tena, chaza wabichi wanaweza kuwa na vijidudu vinavyoweza kumwua mgonjwa wa ini.

Basi, mkulima wa Mbangala, usiuze gunia la mahindi ili ununue unga huo. Fanya haya:

1. Zuia sumukuvu. Sumu hii hutokana na ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mazao juu ya turubai au kichanja, yakauke kabisa. Yenye ukungu yatupe. Usiyapikie pombe wala kuwapa mifugo. Kupika hakuondoi sumu hii.

2. Peleka mtoto kliniki akachanjwe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa watoto wote Tanzania tangu mwaka 2002. Msichangie wembe wala sindano.

3. Acha pombe. Pombe huua ini polepole.

4. Kula vyakula vya kujenga mwili: maharage, mayai, dagaa na samaki wa Ziwa Rukwa. Protini imo humo pia.

Ukiona dalili tulizotaja, nenda zahanati mara moja. Usingoje dawa ya kutembezwa mnadani.

Maswali ya kujadili darasani:
(a) Kwa nini hatuanikii mahindi juu ya udongo?
(b) Taja mambo matatu yanayoharibu ini.

Kinga ni bora kuliko tiba.