Kifua Kikuu: Usijifungie Ndani

Ukiugua kifua kikuu utaambiwa ujitenge na watu kwa muda. Hujaambiwa ujifungie ndani. Katika chumba kisicho na madirisha, vijidudu hukaa hewani. Mawazo nayo huzidi. Mwenye mawazo mengi hukata tamaa, akaacha dawa. Kwa kawaida dawa ni za miezi 6, bila kukatisha.

Kila siku toka nje. Hapa Chala upepo ni baridi, basi jifunike vizuri. Ota jua. Tembea polepole, utazame maharage shambani. Moyo utapata nafuu. Lakini jua si dawa. Meza dawa zako.

Majirani, msalimieni mgonjwa uani. Huzuni ikizidi, mpelekeni zahanati.

Swali: Nani kijijini kwenu anaugua peke yake?