Roboti watano wa mwaloni

SWALI: Naandika riwaya ya Musoma ya mwaka 2190: roboti watano waliotupwa mwaloni wanaanza kuishi kama familia. Je, msomaji ataukubali undugu usio wa damu?
Msomaji, Mwigobero

JIBU: Ataukubali, hasa huko Mara. Wakurya wana nyumba ntobhu: mwanamke humwoa mwanamke kwa mahari ya ng'ombe, na watoto wanaozaliwa huwa wa mji wa yule aliyeoa. Undugu huo hufanywa, kwa tendo ambalo watu wameliona. Wape roboti wako tendo lao. Betri zikikaribia kuisha, nani anamwachia mwenzake jua la asubuhi?

Kisha itumie sarufi, maana ndiyo hazina yako. Mwanzoni andika "roboti imeanguka". Siku mmoja wao anapoitwa dada, andika "roboti ameanguka", wala usieleze. Katama Mkangi aliamini nguvu ya silabi: sayari ya riwaya yake Walenisi (1995), ukilikata jina, ni "wale ni sisi". Nawe katika swali lako umeandika "watano", hukuandika "tano". Umeshawakubali kabla ya msomaji.