SOMO LA KOMPYUTA: KASI YA INTANETI INAPOTELEA WAPI NYUMBANI?

Katika toleo hili tumeonelea tulete somo juu ya jambo ambalo wazazi wengi hutuuliza: "Tunalipia intaneti ya kasi kubwa, mbona watoto wanalalamika kuwa ni ya taratibu?" Wengine huamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Tunasema: pima kwanza, ndipo ulipe. Fedha ya nyumbani ni ada, ni unga na ni nauli. Haifai iongezwe kila mwezi ilhali tatizo ni kipande cha waya.

Inafikaje Arusha?

Zamani Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, na huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mwezi Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kutoka pwani, data husafiri ndani ya nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa hadi mikoa ya bara, Arusha ikiwemo. Basi data iliyovuka bahari na nchi kavu yaweza kukwama katika mita mbili za mwisho, sebuleni Sakina au Njiro.

Tujue vipimo

Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), lakini kompyuta ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 40 ni megabaiti 5 tu kwa sekunde. Anayeona 5 asidhani amepunjwa. Faili la somo la megabaiti 600 ni megabiti 4,800. Kwa Mbps 40 litachukua dakika 2, na kwa Mbps 10 litachukua dakika 8.

Mambo manne yanayopunguza kasi

Kwanza, matundu ya ruta. Ruta nyingi za zamani na za bei nafuu zina matundu ya waya yenye ukomo wa Mbps 100. Ukilipia 200, kipimo kitaishia kama 94 hivi, kwa sababu sehemu ya kasi hutumika kubeba anwani za data. Kifurushi kikubwa zaidi hakitabadili kitu.

Pili, waya. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa jozi jozi. Kasi ya Mbps 1000 huhitaji jozi zote 4, bali ile ya 100 hutosheka na jozi 2. Uzi mmoja ukikatika au kichwa kikibanwa vibaya, vifaa huweza kushuka kimyakimya hadi 100, na mtumiaji asijue. Waya wa daraja la Cat5e, usiozidi mita 100, unatosha kwa nyumba.

Tatu, kazi za ziada. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikiamriwa kuchuja tovuti, kugawa kasi kwa kila mtu na kuhesabu matumizi kwa pamoja, ruta dhaifu huelemewa.

Nne, waifai. Mawimbi yake hugawanywa kwa vifaa vyote na hudhoofishwa na kuta za matofali. Ndiyo maana kipimo cha haki hufanywa kwa waya.

Namna ya kupima

1. Zima waifai ya kompyuta, uiunganishe na ruta kwa waya. Vifaa vingine visitumie mtandao.
2. Fungua mipangilio ya mtandao usome kasi ya kiungo. Ikiwa ni 100 ilhali vifaa vyote ni vya 1000, badilisha waya kwanza.
3. Pima kasi mara tatu, asubuhi na usiku, uandike matokeo.
4. Ikiwa kisanduku cha faiba kiko mbali na ruta, mwombe fundi akusaidie kupima moja kwa moja kwenye kisanduku hicho. Pale kasi ikiwa kamili, tatizo ni ruta au waya wako. Ikiwa pungufu hata pale, peleka maandishi yako kwa kampuni. Wana wajibu wa kukueleza.
5. Zima kazi za ziada moja moja, ukipima kila mara. Kama kichujio cha tovuti kinawalinda watoto, usikiache kimezimwa. Ni bora kupungukiwa kasi kidogo, au kununua ruta yenye nguvu.

Tahadhari

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunazijua radi za masika. Usivute waya wa shaba hewani kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa maana radi hupita humo na kuunguza vifaa. Mvua ya radi inapokaribia, chomoa ruta kwenye umeme mapema.

Hitimisho

Nyumba inayojua kipimo chake haidanganyiki, wala haimdhulumu muuzaji kwa lawama isiyo yake.

Maswali

1. Kifurushi cha Mbps 80 ni megabaiti ngapi kwa sekunde?
2. Nyumba inalipia Mbps 200 lakini kwa waya inapata 94 kila siku. Taja sababu mbili za kuchunguza.
3. Kwa nini tunapima kwa waya kabla ya waifai?