Kuondoa programu zilizokuja na kompyuta: mwongozo kwa anayemsaidia mwenzake

Kompyuta mpya ya Windows haitoki dukani ikiwa tupu. Mtengenezaji huweka programu zake mwenyewe, kisha huongeza za kampuni nyingine zinazomlipa ili bidhaa zao zionwe: antivirusi ya majaribio, michezo, huduma za filamu. Mwongozo huu ni wako wewe unayeitwa kila kompyuta ya mwenzako inaposumbua, hata kama kazi uliyoajiriwa ni uhasibu au masjala. Majina ya vitufe tumeyaacha yalivyo kwenye skrini, kwa sababu ndiyo utakayoyaona.

Kwanza uliza kompyuta ni ya nani. Ikiwa ni ya kampuni au ya serikali, usiguse chochote kabla kitengo cha TEHAMA hakijaridhia. Huenda antivirusi unayoiona kero imelipiwa na ofisi.

Ikiwa ni mali yake, keti pembeni na umwachie yeye kipanya. Utatamani kumnyang'anya, maana atachukua dakika nzima kutafuta kitufe ambacho wewe unakipata kwa kufumba na kufumbua. Vumilia. Muulize anaitumia kompyuta kwa kazi gani, anachapa wapi, picha zake anaweka wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kipi kiondoke. Orodha uliyosoma mahali haimjui.

Kabla ya kuondoa kitu, nakili nyaraka zake muhimu kwenye flashi. Kisha mwambie abonyeze Start, aandike "Create a restore point" na kufungua kinachotokea. Kwenye kompyuta nyingi ulinzi huu huwa umezimwa. Chagua diski ya C, bonyeza "Configure", uwashe, halafu "Create". Mambo yakiharibika, Windows inaweza kurudishwa ilivyokuwa wakati huo. Nyaraka haziokolewi kwa njia hii, ndiyo maana flashi imetangulia.

Anza na antivirusi ya majaribio, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hofu. Muda wake ukiisha, dirisha huchomoza kwenye kona ya chini kulia ya skrini, lina rangi nyekundu na maneno kwamba kompyuta haina kinga. Mtu mgeni wa kompyuta huelewa kwamba virusi vimeshaingia. Wengine huacha kuitumia, wengine hulipa papo hapo. Mweleze kwamba lile ni tangazo la biashara, na lina ukweli nusu: muda umekwisha kweli, lakini Windows ina kinga yake yenyewe, Microsoft Defender. Defender hujiweka kando antivirusi nyingine inapokuwepo, na hurudi kazini nyingine ikishaondoka. Kuing'ang'ania antivirusi iliyokwisha muda ni kubaki na mlinzi ambaye hapelekewi tena majina ya wezi wapya.

Njia ni hii: Start, kisha "Settings", "Apps", halafu "Installed apps". Kwenye Windows 10 ukurasa huo unaitwa "Apps & features". Atafute jina la antivirusi, abonyeze jina hilo au nukta tatu zilizo pembeni yake, achague "Uninstall". Njiani ataulizwa kama ana uhakika, pengine atapewa punguzo la bei. Asome polepole, kwani kitufe kinachong'aa mara nyingi ndicho cha kubaki. Baada ya hapo azime na kuwasha upya. Usiondoke kabla hajafungua "Windows Security" na kuona alama ya kijani kwenye "Virus & threat protection". Antivirusi ikigoma kutoka, McAfee na Norton kila moja ina programu yake ya kufuta mabaki. Ipakueni kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Michezo na vijipicha vya filamu havihitaji mjadala. Kwenye menyu ya Start, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kila kimoja, "Uninstall", imekwisha. Vingi hata havijapakuliwa, ni viungo tu vinavyosubiri mtu avibonyeze.

Palipo na hatari ni kwenye majina yasiyoeleweka. "Microsoft Visual C++ Redistributable" hujirudia mara kadhaa ikiwa na miaka tofauti, na mgeni hudhani ni nakala zilizozidi. Akifuta moja, kesho programu ya hesabu inaweza kukataa kufunguka. Vivyo hivyo "WebView2 Runtime" na chochote chenye jina Realtek, Intel au Synaptics: hizo tatu za mwisho huendesha sauti, skrini na kipanya cha mguso. Na OneDrive iangalieni kwa makini, kwani huenda folda za mwenzako za Desktop na Documents zimo humo. Faili yenye alama ya wingu haimo ndani ya mashine.

Mnapotilia shaka, zimeni badala ya kufuta. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungueni "Startup apps", chagueni programu na "Disable". Itabaki, ila haitajiwasha yenyewe. Mashine yenye RAM ya GB 4 hupata nafuu inayoonekana hapa. Mwenye GB 16 mwambie wazi kwamba huenda asione tofauti ya kasi.

Kuna sababu nyingine ya kufanya kazi hii, nayo ni usalama. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyoweka cheti chake ndani ya Windows na kuweza kuingilia hata mawasiliano yaliyofungwa kwa usiri. Kuiondoa programu peke yake hakukutosha, kwani cheti kilibaki. Ilibidi Lenovo itoe programu maalumu ya kukifuta.

Mwenzako akipendekeza programu ya "kusafisha kompyuta" aliyoiona kwenye tangazo, kataa. Hata jina kubwa si kinga: mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner lilisambazwa likiwa na programu hasidi ndani yake, na lilitoka kwenye seva za watengenezaji wenyewe.

Programu ya mwisho kwenye orodha aiondoe peke yake, wewe ukiwa umenyamaza. Kisha aandike kwenye karatasi tarehe, kila kilichoondolewa na kila kilichozimwa, na karatasi ikae kwenye begi la kompyuta. Printa ikigoma wiki ijayo, fundi ataanza na orodha hiyo.