Kitabu Kinapoharibika Kwenye Kompyuta: Somo kwa Kamati na Waandishi Wetu



Kamati nyingi za parokia na vigango katika Musoma, Bunda na Butiama zimekuwa zikituletea kazi za vitabu: historia ya parokia kwa ajili ya jubilei, vitabu vya nyimbo, masomo ya kilimo na afya, na kumbukumbu za wazee. Kazi hizi hazina mchapishaji mkubwa anayezitafuta. Mwandishi anaandika, kamati inachangisha, mpiga chapa analipwa, na kitabu kinauzwa mlangoni baada ya Misa. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi jasho la miaka linaharibika katika wiki ya mwisho, pale maneno yanapopangwa katika kurasa.

Kamati moja ilikuja ofisini hapa Iringo na boksi la vitabu vilivyotoka kuchapwa. Kilikuwa kitabu cha kumbukumbu za mzee mmoja, kwa lugha ya nyumbani. Kwenye kompyuta ya mwandishi kila kitu kilikuwa sawa. Ndani ya kitabu, herufi mbili za lugha ile zilikuwa zimegeuka vijisanduku vitupu. Ukurasa wa yaliyomo ulisema sura ya nne iko ukurasa wa 41, nayo ilianza ukurasa wa 46. Picha ya mzee ilikuwa ya ukungu, hata mjukuu wake hakumtambua. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki wakati kitabu kikiwa kwa mpiga chapa. Huyo naye hakuwa na kosa, kwa kuwa alichapa faili aliloletewa. Fedha zilikuwa zimekwisha.

Tukikumbuka jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, tutaona uzito wa jambo hili. Alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Leo mwandishi wa kijijini halazimiki kungoja miaka 35, maana kompyuta moja ya ofisi ya parokia inatosha kutengeneza kitabu. Basi ni juu yetu kujua kuitumia vizuri.

Somo la robo hii ni hili: makosa mengi ya kurasa hayatokani na ubovu wa programu. Yanatokana na sisi kupanga kitabu kwa mkono kama tulivyokuwa tukitumia taipureta. Na karibu yote yanaweza kuonekana kabla ya kumlipa mpiga chapa.

1. Mapengo, na yaliyomo yasiyolingana na kurasa

Mwandishi akitaka sura mpya ianze ukurasa mpya, anabonyeza kitufe cha Enter mara ishirini mpaka ukurasa uishe. Akitaka kichwa kikae katikati, anabonyeza kitufe cha nafasi. Namba za ukurasa wa yaliyomo anazichapa mwenyewe. Siku akiongeza sentensi moja katika sura ya kwanza, kila kitu kilicho mbele yake kinasogea, lakini zile namba alizochapa zinabaki palepale.

Ili kuuona ugonjwa huu, bonyeza alama ya ¶ iliyo juu kwenye Word au LibreOffice. Kila Enter na kila nafasi itaonekana. Ukiona alama hizo zimepangana kama siafu, umepata chanzo.

Dawa yake ni kuiambia kompyuta kila kifungu ni nini, badala ya kuhangaika na kinavyoonekana. Chagua jina la sura, kisha lipe mtindo wa kichwa cha kwanza. Vichwa vidogo vipe mtindo wa kichwa cha pili. Maneno ya kawaida yabaki na mtindo wa maneno ya kawaida. Sura ianze kwa amri ya kuvunja ukurasa, ambayo ni Ctrl na Enter kwa pamoja. Baada ya hapo iagize programu itengeneze yaliyomo yenyewe. Ukibadili kitu baadaye, bofya ndani ya yaliyomo na kitufe cha kulia cha kipanya, uagize yasahihishwe upya.

Wanaotafsiri Biblia katika lugha za mkoa wetu, kazi ambayo makanisa yameifanya Musoma kwa kushirikiana na SIL, wanafuata njia hiyohiyo. Katika programu yao ya Paratext kila sura, kila aya na kila kichwa kina alama inayosema ni kitu gani. Ukubwa wa herufi na upana wa ukurasa huamuliwa mwishoni. Ndiyo maana maandiko yaleyale yanaweza kuwa kitabu cha mfukoni au kusomwa kwenye simu bila kuchapwa upya. Kitabu cha kigango nacho kinastahili utaratibu huo.

2. Herufi zinazogeuka vijisanduku

Kiswahili, Kijita na Kikwaya vina irabu tano. Lakini Kiikizu, Kiikoma, Kingoreme na Kikuria zina irabu saba. Anayetaka kuziandika zote hulazimika kutumia herufi za ziada, kwa mfano zenye nukta mbili juu au zilizokatwa kwa mstari. Si kila fonti ina herufi hizo. Kijisanduku ni fonti inayokuambia: herufi hii sinayo.

Tumia fonti zilizotengenezwa kwa lugha nyingi. Charis SIL, Doulos SIL na Andika hupatikana bure, na leseni yake inaruhusu kuzigawa. Andika, ambayo jina lake limetokana na neno letu la Kiswahili, ilitengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Chagua fonti moja ya maneno na moja ya vichwa, usizidishe. Aidha, ukinakili maneno kutoka faili la zamani, yasome tena yote, kwa kuwa fonti za zamani ziliweza kuweka herufi moja mahali pa nyingine bila wewe kujua.

3. Kurasa zinazohama njiani

Kitabu kilichokuwa na kurasa 96 nyumbani kinafika kwa mpiga chapa kikiwa na 101. Hakuna aliyekigusa. Ila kompyuta ya pili haikuwa na fonti ileile, au ilikuwa na toleo jingine la programu, hivyo mistari ikavunjika upya.

Usimpelekee mpiga chapa faili la Word peke yake. Mpelekee PDF, kwa kuwa inaweza kubeba kurasa pamoja na fonti zake. Word na LibreOffice zote zina uwezo wa kuhifadhi PDF, na LibreOffice haiuzwi. Ukimaliza, ifungue hiyo PDF kwenye kompyuta nyingine, si ile uliyoandikia, uisome ukurasa kwa ukurasa.

Kabla ya kuanza kupanga, muulize mpiga chapa ukubwa wa kitabu. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa za A5, yaani milimita 148 kwa 210. Anayeandika kwenye A4 kisha akasema "punguzeni tu" atapata herufi ndogo ambazo bibi zetu hawawezi kuzisoma. Weka ukubwa huo tangu mwanzo, na pambizo ya ndani iwe pana kuliko ya nje ili maneno yasimezwe mahali kitabu kinapofungwa.

4. Kompyuta inayojifanya mwalimu

Programu nyingi huja zikiwa zimewekwa kwa Kiingereza. Zinapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, mwisho mwandishi anazoea wekundu ule na kuacha kuona makosa ya kweli. Mbaya zaidi, zinasahihisha bila kuulizwa. Ukiandika orodha ya (a), (b), (c), hiyo ya tatu inageuka kuwa alama ya hakimiliki. Zikiachiwa kukata maneno mwishoni mwa mstari, zinaweza kukata "wanafunzi" kuwa "wan-afunzi", wakati silabi zetu ni wa-na-fu-nzi.

Chagua maneno yote, uyawekee lugha ya Kiswahili. Kama ni lugha ya nyumbani isiyo kwenye orodha, zima ukaguzi wa tahajia. Zima pia usahihishaji wa moja kwa moja na ukataji wa maneno. Angalia vilevile kikato katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Pengine kimechapwa kwa alama mbili tofauti, moja iliyonyooka na nyingine iliyopinda. Chagua moja, ubadilishe kitabu kizima kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

5. Beti zinazokatwa

Wanaotunga nyimbo na tenzi wapo wengi kwetu. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama mwenyewe alitunga tenzi za Biblia zilizotolewa mwaka 1996. Utenzi una mistari minne kwa ubeti, na ukurasa ukiishia katikati ya ubeti, mwimbaji anapotea. Usitatue kwa kubonyeza Enter. Ingia kwenye mpangilio wa aya, uchague mistari ikae pamoja, na aya ishikane na inayofuata, isipokuwa mstari wa mwisho wa ubeti. Programu itahamisha ubeti wote.

6. Picha za ukungu

Kioo cha simu kinasamehe, karatasi haisamehi. Kwa chapa nzuri picha inahitaji nukta 300 kwa inchi. Hivyo picha ya upana wa sentimeta 10 inahitaji nukta zipatazo 1,200 kwa upana. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Omba itumwe kama faili, au ichukuliwe kwenye simu iliyoipiga. Usiivute kwa pembe moja ikawa kubwa ukidhani imekuwa bora.

7. Faili lililopotea

Umeme unakatika, flashi inapata virusi, kompyuta inaibiwa. Tusome Yeremia sura ya 36. Mfalme Yehoyakimu alikikata kitabu kwa kisu na kukichoma, na ilibidi Yeremia aseme tena maneno yote, Baruku ayaandike upya. Wao waliweza kurudia. Sisi, msimuliaji akishafariki, hatuwezi. Weka nakala sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye barua pepe. Kila nakala iandikwe tarehe ndani ya jina la faili, ili mpiga chapa asiletewe ya mwezi uliopita.

Kabla ya kulipa

Tunaiomba kila kamati ichague watu wawili ambao hawakuandika kitabu, wafanye mambo haya:

• Wahesabu kurasa. Kitabu kinachobanwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa nne. Kikiwa na 94, kitakuwa na 96. Amueni wenyewe zile mbili ziwe na nini.
• Walinganishe yaliyomo na kurasa zenyewe, sura kwa sura.
• Wasome kwa sauti ukurasa mmoja wa kila sura, hasa wenye lugha ya nyumbani.
• Wadai nakala moja ya majaribio iliyochapwa na kufungwa, waitie sahihi, ndipo kazi iendelee.
• Wakikusudia kuuza madukani, waombe namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla ya jalada kukamilika.

Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru ninyi mnaochangia karatasi na wino. Tunaomba pia mkubali katika bajeti mstari mmoja mdogo ambao mara nyingi hufutwa: nakala ya majaribio na siku mbili za ukaguzi. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kuchapa kitabu mara mbili.

Na kitabu kile cha mzee? Tulikaa na mwandishi wake alasiri tatu. Fonti ilibadilishwa, vichwa vikapewa mitindo, na yaliyomo yakajitengeneza yenyewe. Picha halisi ilipatikana kwenye simu ya binti yake. Nakala ya majaribio ilisomwa mbele ya familia, na mjukuu aliiona sura ya babu yake akanyamaza kwa muda. Fedha za kuchapa upya bado kamati inazitafuta. Vitabu vya kwanza havikutupwa. Vimetiwa karatasi ya masahihisho na kugawiwa wanajumuiya, maana hata vikiwa na vijisanduku, vimebeba sauti ya mtu wao.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni kazi gani ya maandishi katika parokia yetu iko kwenye kompyuta moja tu? Nani atatunza nakala ya pili, na wapi?
2. Ni wazee gani tungependa kuandika kumbukumbu zao, na katika lugha gani?
3. Nani katika kigango chetu, hasa kati ya vijana, anaweza kufundishwa kupanga kurasa ili tusitegemee mtu mmoja?
4. Je, kitabu chetu cha mwisho kilikaguliwa na mtu ambaye hakukiandika?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.