Unanunua maua ya oda? Usiangalie uzuri wa leo

Wengi humu mmeanza kupokea oda za maua: shada la bibi harusi, meza kuu ya send-off, maua ya msibani, ya kanisani kila Jumapili. Kufunga mmeshajifunza, wengine kwa video, wengine kwa kukaa dukani kwa mtu miezi mitatu. Lakini hasara ya maua mara nyingi haitoki kwenye kufunga. Inatoka alfajiri pale sokoni unaponunua. Ua lililokatwa likishachoka halirudi, hata uwe fundi wa namna gani.

Mimi ada hii nimeshailipa. Ilikuwa harusi ya Jumamosi, nikaenda kununua asubuhi hiyohiyo, mafungu 12 ya waridi jeupe. Yamechanua, yananukia, na muuzaji kanipunguzia bei bila hata kubembelezwa. Hapo ndipo ningeshtuka! Saa kumi jioni meza zote zinapendeza, watu wanapiga picha. Saa tatu usiku, keki inakatwa, petali zinadondoka kwenye sahani za wageni. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, umetuletea maua ya jana." Nikarudisha nusu ya hela. Na familia ile ilikuwa na mabinti wengine watatu wa kuozesha.

Muuzaji hakunidanganya. Ua lilikuwa zuri kweli, ila uzuri wake ulikuwa wa asubuhi ile, na mimi nilikuwa nauhitaji usiku. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jiulize: haya maua yatatazamwa lini, yatakaa wapi, na yanatakiwa yavumilie saa ngapi?

Mama zetu wa pwani hili wanalijua zamani. Wauza asumini hawachumi lililochanua. Wanachuma matumba jioni, yakiwa yamefumba, wanayatunga, na yanafunguka usiku yakiwa tayari kichwani kwa mwenyewe au kwenye kikuba. Ukinunua asumini lililokwisha kufunguka, umenunua harufu ya mtu mwingine.

Tuanze na waridi maana ndilo linakula mtaji. Shika ua kwa vidole viwili pale chini kabisa, petali zinapokutana na kikonyo, ulibonyeze taratibu. Likiwa gumu, bado lina siku. Likibonyea kama kitumbua, limechoka, hata kama juu linacheka. Usibonyeze juu kwenye petali, utaliacha na alama na muuzaji atakufukuza, tena kwa haki.

Kisha tazama vile vijani vya kijani vinavyolishika ua kwa chini. Kama vimelibana ua kabisa na tumba lenyewe ni dogo gumu kama jiwe, huenda lilikatwa changa mno na halitafunguka kamwe. Litainamisha shingo tu. Vikianza kuachia na kulala chini kidogo, huku tumba likionyesha rangi yake vizuri, hilo ni la kununua kwa shughuli ya kesho au keshokutwa. Kama katikati ya ua unaona ile chavua ya njano, hilo ni la saa hii. Linafaa kama mteja amesimama mlangoni anasubiri.

Petali za nje zikiwa na ukijani kidogo au zimekunjika, usilikatae. Hizo zinalinda tumba, utazibandua mwenyewe ukifika nyumbani. Mchezo uko kwingine: waridi la siku nyingi hubanduliwa petali za nje zilizoungua ili lionekane jipya. Ligeuze ulitazame chini. Ukiona vikovu vya petali zilizong'olewa, na ua limekonda kuliko wenzake, hapo ujue umri umefichwa. Na ukiona vidoadoa vya kahawia kwenye petali kama maji yamerukia, huo ni ukungu. Unapenda unyevu, kwa hiyo ukilifunga fungu hilo kwenye nailoni usiku kucha, asubuhi utakuta umeenea. Waridi jeupe na la krimu linaonyesha doa upesi kuliko jekundu, kwa hiyo oda nyeupe ikague fungu kwa fungu.

Usiridhike na maua ya juu tu. Fungu likishafungwa kwa karatasi, ya katikati huwezi kuyaona. Omba lifunguliwe. Tazama na majani: yakiwa manjano au yananyong'onyea, maji hayapandi. Tazama mwisho wa kikonyo: kikiwa cheusi na kinateleza, kimeoza. Halafu inama unuse ndoo. Ndiyo, nusa. Maji yakinuka bwawa, yana bakteria wa kutosha kuziba mishipa ya ua, na hapo hata ukilipeleka nyumbani ukalipa maji safi utakuwa umechelewa.

Waridi nyingi tunazouza Dar zinatoka Arusha, na nyingine zinavuka mpaka kutoka Kenya. Zinasafiri usiku kucha ndani ya boksi, kwa hiyo ua kufika limelegea kidogo siyo dhambi, lina kiu. Muulize muuzaji mzigo umeingia lini na uliwekwa majini saa ngapi. Uliofika alfajiri hii ukipata maji utasimama. Wa juzi uliolegea ukiwa ndani ya maji, huo muachie mwenyewe.

Sasa hesabu, maana wengi tunadanganywa na bei ya fungu. Tuseme fungu la waridi 20 linauzwa sh. 10,000, na jirani yake anauza sh. 7,000. Kwenye la kwanza unatoa bovu moja, unabaki na 19, kila moja limekugharimu kama sh. 526. Kwenye la pili yanayofaa ni 11, kila moja ni kama sh. 636. Oda ya maua 60 ukinunua kwa huyu wa kwanza unahitaji mafungu manne, sh. 40,000, na unabaki na 16 ya akiba. Kwa huyu wa rahisi unahitaji mafungu sita, sh. 42,000, unabaki na sita, na umekaa saa nzima unachambua takataka. Pigeni bei kwa ua linalofaa, siyo kwa fungu.

Maua mengine nitayapitia haraka. Krisanthemamu, yale yenye petali nyingi nyembamba, ndiyo rafiki wa mwenye mtaji mdogo, linaweza kukaa wiki mbili likibadilishiwa maji. Kwake majani ndiyo yanayozeeka kwanza, kwa hiyo kagua majani kuliko ua. Kaneshoni nalo linadumu, ila ukiona vijiuzi viwili vyeupe vimejikunja vinachomoza katikati, limezeeka. Tena kaneshoni haliwezi kabisa kukaa na matunda yanayoiva: ndizi, embe, parachichi, nyanya. Yale matunda yanatoa hewa inayolifanya ua lijifunge kama limesinzia, na halifunguki tena. Kama unahifadhi maua chumba kimoja na ndizi za kuuza, tafuta kona nyingine. Jabera, lile kama alizeti dogo la rangi, tazama katikati yake: pete ya nje moja au mbili iwe imeanza kutoa chavua. Kama bado kabisa, lilikatwa changa na shingo itakatika. Nalo lipe maji machache tu, kidole au viwili, maana kikonyo chake chenye vinyweleo huoza upesi.

Lili nunua likiwa limefumba, tumba la chini limeanza kuonyesha rangi, ulipe siku mbili tatu lifunguke kwako. Likifunguka, ng'oa vile vijiti vyenye unga wa kahawia kabla haujakomaa. Unga ule ukigusa gauni la bibi harusi, hamtasameheana. Jipsofila, yale madogo meupe kama povu, yawe yamechanua kama nusu. Ukitikisa yakamwagika, au katikati yamelowa na kukunjamana, yaache. Na majani ya kujazia msiyadharau. Kangaga, ukindu, majani ya mnazi machanga, mengi unaweza kuyapata mtaani kwako kwa kuomba au kwa hela ndogo. Shada lenye majani mazuri linahitaji maua machache, na hapo ndipo faida inapojificha.

Kuna hili la joto. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja tunahangaika na waridi kama hakuna ua jingine, wakati waridi kwenye joto linafunguka mbio. Anthuriamu, helikonia, ndege wa paradiso na okidi wanalizoea joto letu na wanakaa siku nyingi. Ila hao usiwatie kwenye friji, baridi linawababua, wanageuka weusi. Friji ni ya waridi, kaneshoni na krisanthemamu, nayo isiwe na matunda ndani.

Kisha linganisha ua na kazi yake. Maua ya msibani yatasafiri juu ya gari, yatawekwa kaburini juani. Pale weka krisanthemamu na kaneshoni, waridi kidogo la katikati kama familia imeomba. Msiba haukupi siku ya kujiandaa, kwa hiyo usisubiri matumba, chukua yaliyofunguka nusu. Shada la bibi harusi linashikwa mkononi saa nyingi bila maji, kwa hiyo kila ua linaloingia pale libonyeze moja moja, hapo sibahatishi. Meza za ukumbini zina tatizo lingine, rangi. Kamati ikikuchagulia damu ya mzee au zambarau iliyokolea, kwenye taa hafifu za usiku yale maua yanakuwa meusi tu, na kwenye picha yanaonekana kama shimo. Usibishane na kamati. Wapelekee ua moja la rangi yao, lizungushie meupe au ya waridi mpauko, waonyeshe kwenye chumba chenye giza. Watachagua wenyewe.

Siku ya kununua: kwa shughuli ya Jumamosi mimi sasa nanunua waridi Alhamisi, yakiwa matumba yaliyoanza kuachia, lili Jumatano, krisanthemamu Ijumaa inatosha. Kwa Februari 14 ongea na muuzaji wako mwezi mmoja kabla na uweke kianzio, maana wiki ile bei inapanda na mzigo mzuri unachukuliwa na waliotangulia.

Ukifika nyumbani usiyaache kwenye karatasi. Osha ndoo kwa sabuni na jiki, toa majani yote yatakayozama, kata kila kikonyo sentimita mbili au tatu kwa mshazari kwa kisu kikali, tia majini papo hapo, weka kivulini mbali na feni. Kama huna dawa ya maua ya dukani, lita moja ya maji tia kijiko kikubwa cha sukari, vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau, na nusu kijiko cha chai cha jiki. Sukari ni chakula, limau linasaidia maji kupanda, jiki inazuia bakteria. Msizidishe jiki kwa kudhani mtapata matokeo zaidi, mtachoma vikonyo. Yaacheni yanywe saa nne au zaidi kabla hamjaanza kuyagusa.

Na lile fungu ulilokagua sokoni, ukifika nyumbani ukakuta mabovu mengi katikati, lipige picha palepale kabla hujalipunguza, umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Ukimpelekea malalamiko Jumatatu, baada ya harusi, atakuambia uliyapika wewe.