Pima Kisiki Kabla ya Kununua Mashine

Mwaka 2006, Wailchamus wa Baringo walimpeleka mbuzi mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mbuzi huyo hakuwa na meno: maganda matamu ya mti wa mathenge yalikuwa yameyamaliza. Huwa namkumbuka kila kijana anaponiuliza anunue mashine gani ili aanze biashara ya kusafisha mashamba kwa kusaga vichaka. Mashine nayo ina meno, na mathenge haichagui. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, kuanzia Marigat hadi Hola na Garissa.

Mtaji wangu ni mdogo. Nianze na mashine gani?

Anza na futikamba. Nenda kwenye mashamba matatu au manne ya watu unaotarajia wakupe kazi, upime mashina kwenye usawa wa goti na uandike. Utakuta mengi ni membamba, na machache tu yamenenepa kushinda mapaja yako. Nunua mashine inayoyaweza yale mengi. Yale machache yaangushe kwa msumeno wa mnyororo. Anayenunua mashine kubwa kwa sababu ya mti mmoja mnene hulipa mkopo kila mwezi kwa ajili ya mti anaokutana nao kwa nadra.

Kwa mashina yasiyozidi sentimita 5, trekta ya kukodi na slasha nzito ya kufungwa nyuma vinatosha, na hapo utakuwa umeanza biashara bila deni. Kuanzia hapo hadi sentimita 15 hivi, ndipo mashine ya kusaga inapojilipa. Kuzidi hapo, kazi inataka msumeno kwanza, au ekskaveta iliyofungwa kichwa cha kusagia.

Mbona nisitumie tingatinga tu? Linafagia kila kitu kwa siku moja.

Linafagia kweli, pamoja na udongo wa juu, ambao ndio shamba lenyewe. Kisha linakuachia lundo la magogo, mizizi na mchanga lisiloungua vizuri wala kuondoka. Mashine ya kusaga huacha matandazo palepale mti uliposimama: yanazuia mmomonyoko na kutunza unyevu. Lakini mwambie mteja ukweli. Vipande vya mti mbichi vikichanganywa na udongo hufyonza naitrojeni wakati wa kuoza, kwa hiyo mahindi yaliyopandwa papo hapo yanaweza kugeuka manjano. Matandazo na yabaki juu, yasilimiwe ndani mapema.

Nina trekta ya nguvu za farasi 85. Naweza kuifunga mashine ya kusaga?

Unaweza, lakini ile nyepesi, na kwa masharti. Kwanza, linganisha mzunguko wa shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu nyuma ya trekta: mashine nyingine zinataka mizunguko 540 kwa dakika, nyingine 1,000. Usikubali kuambiwa kwamba zitaingiliana tu. Pili, tazama gia ya chini kabisa. Kusaga kunataka trekta itambae kama kobe, na trekta nyingi za kulimia hata zikiwa gia ya kwanza zinakimbia mno. Ngoma ya kusagia inazidiwa, injini inakohoa, na unaanza kuiua klachi. Tatu, trekta ya shambani iko uchi tumboni. Kisiki kimoja kinaweza kung'oa paipu au kutoboa sampu, kwa hiyo mtafute fundi wa kuchomelea akuwekee bamba la chuma chini na wavu mbele ya rejeta kabla hujaingia kichakani.

Na zile mashine ndogo za minyororo zenye kichwa cha kusagia mbele?

Ni nzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa opereta anaona anachokisaga na mashine haikanyagi kichaka kabla ya kukikata. Ila usiulize nguvu za farasi pekee. Uliza pampu ya haidroli inasukuma lita ngapi za mafuta kwa dakika kwenda kwenye kichwa. Mashine nyingi za kawaida hutoa lita 75 hadi 90. Vichwa vingi vya kusagia miti vinataka zaidi ya 110. Ukivifunga kwenye pampu ndogo, ngoma inazunguka ikiwa tupu na kusimama ikigusa mti, huku mafuta yakichemka.

Kuhusu magurudumu, mwiba wa mathenge utakujibu kabla yangu. Unapenya tairi la trekta kama sindano inavyopenya kitambaa. Kama huna uwezo wa minyororo, jaza matairi povu zito badala ya upepo, la sivyo utashinda ukiziba pancha.

Ngoma au diski? Na meno ya aina gani?

Diski hukata haraka na huangusha mti mnene kwa wepesi, lakini hurusha vipande mbali na huacha vipande vikubwa. Ngoma ni ya polepole kidogo, husaga laini, na haitawanyi sana. Kwa anayeanza, na hasa karibu na nyumba, barabara au ua wa mifugo, nasema ngoma.

Kwenye meno, angalia ardhi. Visu vikali hukata safi na kula dizeli kidogo, lakini jiwe moja linavimaliza. Kwenye mawe, kama sehemu nyingi za Baringo, chukua meno yenye ncha za kabaidi. Hayakati kwa ukali, yanapondaponda, lakini yanavumilia. Na kwa aina yoyote ile, usichimbe ardhi kwa ngoma. Mchanga ndio unaokula meno zaidi kuliko mti.

Nikinunua ya mtumba, nikague nini?

Iombe ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Zungusha ngoma kwa mkono injini ikiwa imezimwa na funguo ziko mfukoni mwako: beringi ikikwaruza, utaisikia. Tazama kama vishikio vya meno vimechomelewa upya. Kimoja kikiwa kizito kuliko vingine, ngoma yote itatetemeka. Kisha uliza swali la mwisho: spea ziko wapi?

Siku moja karibu na Marigat, paipu ya haidroli ilitupasukia saa tatu asubuhi. Ilikuwa ya urefu wa mkono tu. Tuliituma Nakuru kwa matatu, kilomita 100 hivi, na nyingine ikatufikia jua likizama. Mashine ya mamilioni ilishinda chini ya mgunga huku mteja akitutazama. Tangu hapo siendi kazini bila paipu mbili, seti ya meno na boliti zake.

Nitoze kwa saa au kwa ekari?

Jua kwanza saa moja inakugharimu nini. Tuseme umenunua mashine kwa shilingi milioni 6, na baada ya saa 4,000 utaiuza milioni 2. Kila saa imekula shilingi 1,000 kabla hujaweka dizeli. Injini ya nguvu za farasi 100 ikifanya kazi kwelikweli hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Ongeza opereta, meno, grisi na filta. Lobedi ya kuibeba itoze kando, kwa safari. Kisha saga nusu ekari ya shamba la mteja kwa saa mkononi, ndipo utaje bei ya ekari. Bei ya kukisia ukiwa barabarani ndiyo inayofilisi watu.

Usalama je?

Jino likichomoka huruka kama risasi. Mtu yeyote akae mita 100 mbali, na kioo cha mbele kiwe cha polikaboneti nene, si kioo cha kawaida. Kila baada ya saa chache zima mashine, upulize makapi makavu kutoka kwenye injini. Majani makavu yakirundikana kwenye injini yenye moto yanaweza kuwaka na kuiteketeza mashine.

Nilisafisha ekari nne vizuri. Miezi mitatu baadaye mathenge imerudi, na mteja anadai pesa zake.

Ana haki ya kukasirika, kwa sababu hukumwambia. Mathenge huchipua kutoka kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya ardhi. Ukiusaga mti juu ya ardhi tu, umeupogoa. Mzizi lazima ukatwe angalau sentimita 10 chini ya udongo, na mbegu zilizolala zitaendelea kuota kwa miaka. Saga kabla maganda hayajakomaa, na uuze kazi yako pamoja na marudio mawili yaliyoandikwa kwenye mkataba.

Kwa hayo marudio huhitaji mashine. Unahitaji vijana wawili wenye sururu, wakifuata kila kisiki ulichokipima siku ile ya futikamba. Zipakie sururu hizo kwenye lobedi tangu siku ya kwanza, mteja akiziona.